Swali la Mtu Fulani

"Haya, tuseme ukweli. Petro alimwogopa nani pale kwenye moto?" Jobin aliuliza, kalamu ameichomeka sikioni kama fundi seremala.

"Msichana wa kazi," Sherin akajibu. "Na hilo ndilo swali letu la kwanza. Liandike."

"Msichana wa kazi! Mwanamume mzima, ametoka kumkata mtu sikio kwa upanga, halafu anamtetemekea binti wa jikoni?"

"Kwani wewe humtetemekei mama yako?"

Jobin alicheka mpaka kalamu ikadondoka na kubingirika chini ya kiti cha Sherin. Wote wawili wakainama kuiokota. Wakakutana huko chini uso kwa uso, na hakuna aliyekumbuka tena kilichowainamisha. Mvua ilikuwa inapiga vigae vya baraza, na harufu ya utomvu wa mpira uliotandazwa ukauke ilitoka kwenye banda la nyuma. Sherin aliona tone la maji kwenye unyusi wa Jobin, akatamani kulifuta kwa kidole. Akajizuia.

"Mbona kimya?" sauti ikatoka ndani. "Petro ameshakufa?"

"Bado, Ammachi!" Jobin akajibu huku akiinuka haraka na kugonga kichwa kwenye meza. "Ndiyo kwanza anaota moto."

"Basi aote kwa sauti, nami nisikie."

Ammachi alikuwa bibi yake Sherin, mama wa mama yake, na ndiye aliyemlea. Kila Alhamisi alikaa nyuma ya mlango na ungo wa mchele, akichambua mawe. Masikio yake yalikuwa mazito sana akiitwa kwenda hospitali, lakini kimya cha vijana wawili barazani aliweza kukisikia hata akiwa usingizini.

Kazi ya maswali ilikuwa ya hao wawili tangu mvua zilipoanza. Jumamosi jioni familia za upande ule wa juu wa kanisa, nje kidogo ya mji wa Thiruvalla, zilikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, kusali na kusoma Biblia. Kasisi alitoa somo, na vijana wawili waliandaa maswali ya kujadili. Kazi yenyewe ingekwisha kabla chai haijapoa. Sherin na Jobin walihitaji alasiri nzima, na wiki nyingine waliomba na ya pili yake, na hakuna aliyewauliza kwa nini kwa sababu kila mtu alijua. Tena ilikuwa imefika mahali pazuri. Jumapili hii, baada ya ibada, Jobin na mama yake wangekuja rasmi kunywa chai. Chai ya namna hiyo si ya kukata kiu. Binti huleta sinia, wazee humtazama anavyotembea, na vikombe vikirudi jikoni jibu limeshajulikana.

"Tumebakiza nini?" Jobin aliuliza.

"Swali la jogoo, halafu swali la maisha."

Swali la maisha ndilo lililofunga mjadala, na lilikuwa na desturi yake. Lazima lianze na mtu fulani. Mtu fulani amenuniana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, afanye nini? Mtu fulani anakunywa kwa siri, mkewe afanye nini? Jina halitajwi, ili mtu asiaibike. Huo ulikuwa mpango mzuri sana kwa watu wasiojuana. Pale kwao, ambako ukikohoa usiku jirani anakuuliza asubuhi kama umepona, mtu fulani hakuwahi kufika mwisho wa swali bila kupata jina, ukoo na rangi ya geti lake. Mwaka uliopita mtu fulani alikuwa anatia maji kwenye maziwa ya kuuza, na Shangazi Thankamma, ambaye ni yeye tu aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa upande ule, hakuonekana kwenye maombi mpaka Krismasi. Lakini desturi ni desturi, na hakuna aliyewaza kuiacha.

"La jogoo nimeshaliwaza," Sherin alisema. "Petro amekana, jogoo amewika, na Bwana anageuka anamtazama. Tuwaulize watu: lile jicho lilikuwa la hasira au la upendo?"

"La hasira! Ningekuwa mimi ningemtolea jicho mpaka aombe ardhi ipasuke."

"Mimi sidhani. Mtu akikukasirikia, bado una nafasi ya kumbembeleza. Nadhani alimtazama tu kama mtu anayemjua, basi. Ndiyo maana Petro alitoka nje akalia."

Jobin aliacha kuandika. Alimtazama Sherin muda mrefu, mpaka Sherin akaanza kuhangaika na pindo la shali yake.

"Na wewe ukinitazama, unanitazama vipi?"

"Andika swali, bwana."

"Nijibu kwanza."

"Ammachi!" Sherin akapaza sauti. "Jobin hafanyi kazi!"

"Nilijua," Ammachi akajibu kutoka ndani. "Hata babu yako alikuwa hivyohivyo."

Walicheka, lakini kicheko cha Sherin kilikatika kabla ya cha mwenzake. Kulikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu siku ile mama yake Jobin alipotuma salamu za kuja kunywa chai. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Sasa aliona kwamba asipolisema siku ile, angelibeba mpaka kwenye sinia la Jumapili, na vikombe vingegongana mikononi mwake.

"Jobin, kuna kitu lazima ukijue kabla hamjaja."

"Usiniambie hujui kupika chai."

"Usicheze. Mama yangu hayuko Pune."

Jobin aliweka kalamu chini. Kila mtu alijua kwamba Lissy, mama yake Sherin, alikwenda mji wa mbali wa Pune miaka ile baada ya kufiwa na mume wake, kumuuguza mjomba mzee asiyekuwa na mtu. Mjomba huyo alikuwa amechukua muda mrefu sana kufa, lakini watu wa huko mbali huishi sana kwa hewa nzuri, ndivyo Ammachi alivyosema kila alipoulizwa.

"Yuko kwenye nyumba ya masista, ng'ambo ya milima," Sherin alisema kwa sauti ya chini. "Anaumwa akili. Baba alipofariki alianza kusikia watu wanamwita uani. Akawa anatoka usiku kuwafuata. Siku nzuri nikienda kumwona ananiita kwa jina la dada yake, ananisuka nywele. Siku mbaya hataki nimkaribie. Hakuna anayejua ila Ammachi na kasisi. Unajua watu watasema nini. Watasema ugonjwa uko kwenye damu, leo mama, kesho mtoto. Hakuna atakayekanyaga hapa kuleta posa."

Alisema yote hayo akiwa anatazama mvua. Alipomaliza aliogopa kugeuka. Kisha akasikia mkono wa Jobin ukishika wa kwake, mchana kweupe, barazani, Ammachi akiwa nyuma ya mlango.

"Umekaa na hili peke yako muda wote huu?"

"Ningemwambia nani?"

"Mimi."

"Ndiyo nakuambia." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Nisikilize vizuri sasa. Mwambie mama yako. Wewe mwenyewe, jikoni kwenu, mkiwa wawili tu. Akisema hapana, asije. Nitaumia, lakini nitaelewa, haki ya Mungu nitaelewa. Ila asije kunywa chai yangu bila kujua, halafu aje asikie kwa Thankamma."

"Nitamwambia."

"Kabla ya Jumapili."

"Kabla ya Jumapili. Sherin, niangalie. Siri yako iko kwangu. Nani mwingine ataisikia?"

Akamwamini. Kwa nini asimwamini? Alikuwa na macho ambayo mtu angeweza kuyakabidhi nyumba na funguo zake. Wakamalizia swali la maisha harakaharaka, kwamba mtu fulani amesikia mwenzake anasingiziwa kazini naye akanyamaza, na Jobin akaondoka akiwa na mwavuli mmoja na karatasi ya maswali chini ya shati isilowe. Jioni ile Sherin aliimba akiosha vyombo. Ammachi alimsikiliza, akaongeza sukari guru kwenye kahawa yake.

*

Jumamosi zamu ilikuwa ya Mzee Kuruvilla, mkuu wa posta mstaafu, ambaye aliongoza maombi kama alivyokuwa akipanga barua, kila kitu mahali pake. Wanawake walikaa upande mmoja kwenye mikeka, vichwa vimefunikwa kwa pindo za sari na shali. Wanaume walikaa upande wa pili kwenye viti vya plastiki. Jikoni muhogo ulikuwa tayari, na mchuzi mwekundu wa samaki ulinukia mpaka watu wakawa wanasali huku wanameza mate. Juu ya jiko la pili ilikaa sufuria ya presha yenye dengu, ikijiandaa kupiga filimbi zake.

Jobin aliingia na mama yake. Sherin alimtafuta kwa macho. Alitaka ishara moja tu, hata ya kope, imwambie kwamba jambo limesemwa. Jobin alikuwa anaitazama Biblia yake kama vile imeandikwa upya siku ile.

Mama Jobin yeye alipita kati ya mikeka, akamgusa Sherin begani. "Umekonda, binti. Huli?"

"Nakula, mama."

"Kesho nitakuangalia ukila," akasema, akaenda kukaa.

Moyo wa Sherin ukaruka. Ama mama huyu hajaambiwa, ama ameambiwa na amekubali. Moyo ukachagua lile la pili, kama mioyo inavyofanya.

Maswali yakaanza. Kwenye lile la msichana wa kazi, Shangazi Thankamma alisema kwamba hata yeye angemwogopa, maana wasichana wa kazi wanajua kila kitu kilichomo nyumbani. Watu wakacheka. Kwenye swali la jicho la Bwana, Mzee Kuruvilla alivua miwani yake.

"Hili ni swali la kufikirisha. Nani kaliwaza?"

Jobin alitabasamu. "Lilinijia tu, Mzee."

Sherin alishangaa kidogo, akajiambia ni aibu tu, kijana hataki kutaja jina la mchumba mbele ya watu. Akamsamehe palepale. Angemsamehe mengi jioni ile.

"Tufunge na swali la maisha," Mzee Kuruvilla akasema.

Jobin aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Sherin akaona hilo.

"Mtu fulani ni kijana," Jobin alianza. "Anataka kuoa binti mmoja wa kanisani. Binti ni mwema, hana tatizo. Lakini mama wa binti ana ugonjwa wa akili. Amewekwa kwa masista, na watu wameambiwa kwamba yuko mji wa mbali. Sasa kijana amejua. Wazazi wake hawajui. Je, afanye nini?"

Sherin alidhani amesikia vibaya. Alisubiri Jobin aseme jambo jingine litakalolibadilisha lile. Jobin akakaa.

Watu wakachangamka, maana swali lilikuwa tamu.

"Avunje mara moja," akasema mwanamume mmoja upande wa viti. "Ugonjwa ule hauishii kwa mama."

"Mimi ugonjwa sina shida nao," mwanamke wa mkeka wa mbele akasema. "Kuficha ndiko kubaya. Mtu akificha hilo, ameficha mangapi?"

"Lakini maskini, angesema vipi? Ungemposea mwanao wewe?"

"Mimi? Mwanangu? Weee!"

"Mji wa mbali," Thankamma akasema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mji wa mbali kama wapi? Kama Pune?"

Kisha watu wote, kwa heshima kubwa, wakaanza kufunua Biblia zao kutafuta mstari. Ammachi, aliyekaa ukutani na kitambaa chake cheupe, alifumba macho. Kwa muda mrefu wa maisha yake Sherin alikuwa amekwepa maswali, amepanga majibu, amepeleka salamu za uongo kutoka kwa mama aliyekuwa hatumi salamu, na sasa yote hayo yalikuwa yamemwagwa katikati ya sebule na mtu aliyemshika mkono juzi.

"Jobin, mwanangu," Thankamma akaita kwa sauti ya asali. Maziwa ya mwaka jana hakuwa ameyasahau. "Huyo binti tunamjua?"

"Hapana, Shangazi. Ni mfano tu."

"Si wa upande wetu huu?" Mzee Kuruvilla akauliza. Yeye aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kufunga mlango kabla mvua haijaingia ndani.

"Sidhani, Mzee. Ni mambo niliyoyasikia kazini."

Mama Jobin alikuwa akimtazama mwanawe tangu mwanzo wa swali, mikono yake imekunjwa mapajani. Sasa akauliza.

"Mimi nina swali juu ya swali. Huyo kijana anampenda huyo binti, au hampendi?"

Hapo Sherin akashika pumzi. Pamoja na yote, pamoja na aibu iliyomchoma usoni, bado kulikuwa na nafasi. Aseme ndiyo tu. Aseme ndiyo, mama, anampenda, na ni mimi. Mengine yote angeweza kuyasahau. Aliona nafsi yake ikimwomba Jobin, bila sauti, kama ambavyo hajawahi kumwomba mtu.

Jobin alimtazama mama yake. Akatazama viti, akatazama mikeka. Upande wa Sherin hakuutazama.

"Sijui, mama," akasema. "Huyo kijana simjui. Nimesema ni mfano."

Jikoni sufuria ya presha ikapiga filimbi, ndefu, kali, watu wakashtuka.

Sherin akageuka, akamtazama.

Hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Alimtazama tu, kijana huyu aliyemjua: anavyocheka akigonga kichwa kwenye meza, anavyochomeka kalamu sikioni, anavyoogopa. Alimjua wote, na hakukuwa na cha kuongeza. Jobin aliinua macho, yakakutana na yake, na uso wake ukabadilika rangi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Swali la jicho, aliloligawa kwa watu kama la kwake, jibu lake alilipata hapo.

Sherin akasimama.

"Mzee Kuruvilla, naomba nijibu."

"Binti, si lazima. Tunaweza kuimba tukafunga."

"Ni lazima, Mzee. Mtu fulani ni mimi." Akawageukia watu wa mikeka na wa viti. "Mama yangu anaitwa Lissy. Wengi wenu mliimba naye kwaya. Shangazi Thankamma, wewe ulimfundisha kushona blauzi. Hayuko Pune. Yuko kwa masista, anaumwa akili, na siku nzuri anapenda kusuka nywele. Mkitaka kumwombea, mwombeeni kwa jina lake. Asanteni."

"Pune niliitunga mimi," Ammachi akasema kutoka ukutani, akijikokota kusimama. "Hata mjomba nilimtunga. Mwenye kulaumu anilaumu mimi, mtoto huyu mwacheni."

Thankamma alikuwa ameinamisha kichwa. Pindo la sari lilimfunika uso, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Huenda alikumbuka blauzi zile.

*

Barazani Sherin alikuwa akitafuta kandambili zake kati ya zile za watu wote, hazioni kwa machozi, Jobin alipotoka mbio.

"Sherin, nisikilize. Ngoja. Nilitaka kujua mama atasemaje kabla sijamwambia."

"Ungemuuliza."

"Ningemuuliza angejua ni wewe!"

"Na sasa hajui?"

Jobin akashika nguzo ya baraza. "Niliingia jikoni Alhamisi. Niliingia tena jana. Kila nikifungua mdomo naomba chumvi. Niliogopa, Sherin."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa, na bado nilikuambia."

"Sikutaka kukuumiza. Nilidhani wazee wakisema si kitu, itakuwa rahisi."

"Na wakisema ni kitu?"

Jobin akaiachia nguzo, akaishika tena.

"Unaona?" Sherin alisema. Alikuwa amepata kandambili moja, ameishika mkononi. "Umeniitishia kura, Jobin. Umewapa watu waamue kama nafaa kupendwa, wewe ukakaa kando kusubiri matokeo. Na mama yako alipokuuliza jambo moja tu, jambo jepesi ambalo hata mtoto angelijibu, ukasema humjui."

"Lakini jina lako sikulitaja! Nakuapia, jina sikulitaja."

"Ndiyo. Hata lako hukulitaja."

Mlango ukafunguka. Mama Jobin akatoka, kichwa bado kimefunikwa.

"Jobin, nenda kaniletee mwavuli wangu."

"Umeushika, mama."

"Basi nenda tu."

Jobin akaenda, lakini si mbali. Alisimama mwisho wa baraza, maji ya vigae yakimwagikia bega moja, na hakulisogeza. Mama yake akainama, akaokota kandambili ya pili ya Sherin iliyokuwa chini ya viatu vya Mzee Kuruvilla, akampa.

"Nilikuwa na dada," akasema. "Mkubwa wangu. Alifungiwa chumba cha nyuma mpaka alipokufa, na watu tuliwaambia amekwenda kuwa mtawa. Jobin hajui. Sikuwahi kumwambia. Labda hapo ndipo nilipomfundisha hii kazi yake ya leo."

"Angenikuta jikoni akaniambia, ningeacha sufuria iungue. Ningekaa chini nikalia naye, na kesho ningekuja kwenu na sari yangu nzuri. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe, au yeye aseme. Nilikuwa najua zamani, binti. Hakuna mjomba anayeugua muda wote huo."

Hilo ndilo lililomuuma Sherin kupita yote ya jioni ile. Kumbe njia ilikuwa wazi. Kumbe hakukuwa na ukuta wowote kati yake na furaha yake ila ulimi wa mwanamume mmoja, na mwanamume huyo alishindwa kuuinua.

"Kesho tutakuja vilevile," Mama Jobin akasema. Alimshika kidevu, akamfuta shavu kwa pindo la sari. "Mimi sina neno na wewe, wala na mama yako. Tutakuja?"

Ammachi alikuwa ameshafika mlangoni, ameshikilia ukuta, anasubiri. Sherin alivaa kandambili zake taratibu, moja, kisha nyingine. Alijua kwamba mwisho wa baraza kuna mtu ameshika pumzi kama alivyokuwa ameishika yeye pale kwenye mkeka.

"Njoo, mama," akasema. "Chai nitapika, na sinia nitaleta mwenyewe. Ukipenda, tutakwenda wote kumwona mama yangu. Ila njoo peke yako."

Akafungua mwavuli, akampa Ammachi mkono, wakashuka ngazi na kuingia mvuani. Walikuwa wamefika kwenye geti waliposikia mtu analia kule barazani, kilio cha mwanamume asiyejua kulia.

Safari hii Sherin hakugeuka.